Shahidi wa Ugonjwa ni Jirani

Nazungumza nanyi mlioko Mwera, Bweni, Kipumbwi na Mkwaja, wenzetu wa ng'ambo ya mto pale Pangani mjini, na wote wa mwambao huu hadi Tongoni na Tanga.

Mazungumzo ya leo yanahusu daktari ambaye wengi wetu humsikia siku moja tu, siku kesi ya mauaji inapoahirishwa na kutolewa amri kwamba mshtakiwa apelekwe Dodoma, kwenye hospitali ya Isanga, akapimwe akili. Watu hutawanyika wakinong'ona. Huyu anasema, "Anajitia wazimu apate kuponea hapo." Yule anasema, "Karogwa huyo, si bure." Gari la magereza halijafika hata Segera, mtaani hukumu imeshatoka. Nataka tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana kazi ya daktari huyo inatuhusu sisi ndugu na majirani kuliko tunavyodhani. Ripoti anaiandika yeye, lakini sehemu kubwa ya kinachotakiwa kuandikwa humo iko kwetu: tulichokiona, tulichokisikia, na tulichoamua kukificha.

Tuanze na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inamchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kisha inasema mtu hawajibiki kwa jinai ikiwa wakati ule anatenda, ugonjwa ulioathiri akili yake ulimfanya asielewe anachofanya, au asitambue kwamba hapaswi kukifanya, au asiweze kujizuia. Mizizi ya kanuni hii iko Uingereza, katika kesi ya Daniel M'Naghten ya mwaka 1843, mtu aliyempiga risasi katibu wa waziri mkuu. Hilo la kushindwa kujizuia halikuwemo katika kanuni ya Waingereza. Sheria yetu imeliongeza.

Sasa, mahakama ikiona kuna sababu ya kutilia shaka akili ya mshtakiwa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu iamuru awekwe hospitali ya magonjwa ya akili achunguzwe, na daktari anapewa siku 42 awe ameleta ripoti. Maswali ni mawili. La kwanza: je, leo mtu huyu anaweza kuielewa kesi yake, akajua anashtakiwa nini na akazungumza na wakili wake? La pili: je, siku ile na saa ile ya tukio alikuwa katika hali gani?

Swali la pili ndilo lenye uzito. Mtu anaweza kufika Isanga ametulia kama wewe na mimi, kumbe siku ya tukio alikuwa hajitambui. Mwingine anaweza kufika amevurugika kabisa kwa mateso ya mahabusu na kwa kile alichokitenda, kumbe siku ile alijua kila hatua aliyopiga. Na tukio lenyewe limeshapita miezi, pengine miaka. Daktari hakuwepo, na hakuna kipimo cha damu kitakachomrudisha kwenye saa ile.

Kwa hiyo anakusanya. Wauguzi wa wodi wanaandika mchana na usiku: kalala saa ngapi, kala nini, anazungumza peke yake hata pasipokuwa na anayemtazama? Kujitia wazimu mbele ya daktari kwa nusu saa si kazi kubwa. Kuendelea nako saa tisa za usiku, kwa wiki sita, mbele ya wauguzi waliozoea wagonjwa halisi, ni mtihani ambao wengi huushindwa. Daktari anaupima mwili pia, kwa kuwa malaria ya kichwa, kifafa, jeraha la zamani la kichwa, pombe na bangi vyote vinaweza kuvuruga akili. Anasoma jalada la polisi. Kisha anawatafuta ndugu.

Hapo ndipo panapokwama. Mtu wa Mwera akitaka kwenda kumzungumzia mwanawe Isanga, safari ni ndefu: kuvuka mto pale Bweni, kupita Muheza, Segera, Chalinze na Morogoro, mpaka Dodoma. Nauli hiyo si ya kila nyumba. Asipokwenda mtu, wala asipopigiwa simu, daktari anabaki na maneno ya mshtakiwa na maneno ya polisi.

Tuseme basi mama wa mvuvi mmoja kafika. Nawatolea mfano tu, simsemi mtu. Daktari anamkaribisha, anamwamkia, na hamuulizi kama mwanawe ni kichaa. Anamuuliza:

"Mama, nani aliyeona mwanzo kwamba huyu hayuko sawa?"

"Mimi mwenyewe, mwanangu."

"Ulionaje?"

"Aliacha kwenda baharini. Nyavu zake kaziacha juani mpaka zikaoza. Usiku anatoka, anaizunguka nyumba, anasema kaitwa."

"Anaitwa na nani?"

"Na kaka yake. Yule tuliyemzika."

"Ilikuwa lini hiyo, mama?"

"Mfungo Sita, watu wanajiandaa na Maulidi."

Daktari anafungua kalenda, anautafuta mwezi huo, anaandika. Maneno hayo machache yana kazi. Yanamwonyesha kwamba mabadiliko yalianza muda mrefu kabla ya tukio, tena wakati ambapo hapakuwa na kesi wala faida yoyote ya kujifanya. Wakili hawezi kuyatunga baadaye, hasa kama jirani naye anakumbuka nyavu zile zilizooza. Na yanamfungulia swali jingine: huyu anayemsikia marehemu kaka yake, ana huzuni, ana kiwewe, au ana ugonjwa mwingine?

Hapa ndipo panapohitajika daktari aliyebobea katika misiba na kiwewe. Kumsikia marehemu akikuita, au kuiona kanzu ukutani ukadhani ni yeye, huwapata wafiwa wengi duniani kote, na peke yake si wazimu. Kwa hiyo daktari anachimba. Sauti inasema nini? Inamliwaza, inamlaumu, au inamwamuru adhuru mtu? Yeye anajua kwamba kaka yake keshakufa? Na kama kaka yake alizama, je, yeye alikuwemo chomboni siku hiyo?

Aliyekuwemo anaweza kuwa na kiwewe. Miaka mingi watu walijua kwamba vita na ajali humwacha mtu na jeraha lisiloonekana, lakini ni mwaka 1980 tu ambapo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilikiweka kiwewe cha aina hiyo katika orodha yake ya magonjwa, baada ya wanajeshi waliorudi Vietnam kuonekana hawalali wala hawatulii. Mgonjwa wa kiwewe hulirudia tukio ndotoni na machoni hata akiwa macho. Hukwepa kila kinachomkumbusha. Mvuvi atazikwepa hata nyavu. Hushtuka kwa mlango kugongwa. Hasira humpanda haraka, na baadhi hujizamisha katika pombe.

Na huzuni nayo ina ngazi zake. Tangu tarehe 1 Januari 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inautambua ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu: majonzi makali yanayomwelemea mtu kwa zaidi ya miezi 6 tangu afiwe, mpaka ashindwe kuendesha maisha yake. Lakini wameweka sharti ambalo nataka mlisikie vizuri. Ni lazima majonzi hayo yawe yamepita kile ambacho jamii ya mtu huyo, utamaduni wake na dini yake vinakitarajia. Maana yake, daktari aliyesoma Dar es Salaam au Ulaya hawezi kukisoma kipimo hicho kitabuni peke yake. Lazima ajue kwamba kwetu mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10, na kumwona hatoki nje wala hajipambi wakati huo si dalili ya ugonjwa. Lazima ajue tanga huanuliwa lini, arobaini husomwa vipi, na jirani huanza lini kusema, "Sasa huyu kazidi, tumwangalie." Elimu hiyo tunayo sisi.

Kuna msiba ambao mwambao huu unaujua kuliko bara: msiba usio na kaburi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Wapo waliookolewa, wapo waliozikwa, na wapo wengi ambao bahari haikuwarudisha. Mtaalamu wa tiba ya familia wa Marekani, Pauline Boss, ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuandika juu ya upotevu wa namna hiyo, na analosema ni kwamba wafiwa hawa hushindwa kuanua tanga kwa sababu hakuna aliyewathibitishia kwamba msiba umekamilika. Wazee wetu walilijua hilo kwa njia yao. Kuna swala ya ghaibu, inayoswaliwa maiti akiwa hayupo, na kuna masharti ya fikihi juu ya mke wa mtu aliyepotea. Bado, aliyewahi kuishi na mama anayeacha mlango bila komeo kila usiku anajua kwamba swala humpa njia ya kuomboleza, lakini masikio yake yanaendelea kusubiri.

Wenzetu wa Kilifi, kule Kenya, wameyaonja haya kwa namna nyingine. Aprili 2023 yalianza kufukuliwa makaburi katika msitu wa Shakahola, karibu na Malindi, na miili iliyopatikana ilizidi 400. Familia zilitoa vinasaba zikasubiri, na miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Katika mambo hayo hayo, kabla ya kusomewa mashtaka ya mauaji mwanzoni mwa mwaka 2024, mhubiri Paul Mackenzie na wenzake, walioshtakiwa kwa vifo hivyo, walipelekwa kupimwa akili. Walionekana kuwa wanaweza kujibu mashtaka, na wakayakana. Jambo moja, na pande mbili za taaluma hii: huku daktari anamuuliza mshtakiwa kama anaelewa alipo, kule mwenzake amekaa na mama anayesubiri kuambiwa mfupa upi ni wa mwanawe.

Pengine msikilizaji unauliza: basi kila aliyeumizwa akimuumiza mwenziwe ataachiwa? Hapana. Wafiwa ni wengi na wenye viwewe ni wengi, na walio wengi mno hawajamgusa mtu. Kuna kesi kubwa ya Afrika Mashariki inayotufundisha hili. Dominic Ongwen wa kaskazini mwa Uganda alitekwa na waasi wa Lord's Resistance Army akiwa mtoto wa miaka kama 9 hivi, akienda shule. Alikulia msituni, akawa kamanda, akatenda unyama ule ule aliotendewa. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, utetezi ulisema alikuwa na ugonjwa wa akili. Madaktari bingwa wawili wa Uganda, Profesa Emilio Ovuga na Dkt. Dickens Akena, walieleza hivyo kwa upande wake. Mganda mwenzao, Dkt. Catherine Abbo, pamoja na wataalamu wengine walioitwa na mwendesha mashtaka, hawakukubaliana nao.

Tarehe 4 Februari 2021 majaji walimtia hatiani kwa makosa 61, wakaikataa hoja ya ugonjwa. Sababu zao ndizo zilizonifanya niilete kesi hii kwenu. Walisema madaktari wa utetezi walichanganya kazi mbili, kumtibu mtu na kumpima kwa ajili ya mahakama. Tena walisema hawakuyatumia ipasavyo maelezo mengine yaliyokuwepo, wakati kesi ilikuwa na watu walioishi na Ongwen msituni miaka mingi, na maneno ya watu hao hayakuonyesha mtu mgonjwa wa akili. Mahakama hiyo ya kimataifa imeupa uzito mkubwa ushuhuda wa walioishi na mtu. Na utoto wake haukusahauliwa. Mwezi wa Mei mwaka huo alihukumiwa miaka 25. Majaji walieleza kwamba mateso aliyoyapata alipotekwa ni sababu ya kutompa kifungo cha maisha.

Hili la kazi mbili litawafaa ndugu wa mshtakiwa. Daktari anayekutibu hutunza siri yako. Daktari aliyetumwa na mahakama hawezi kukuahidi hivyo, na akiwa mkweli atakwambia mwanzoni: "Utakachoniambia kinaweza kumfikia jaji." Hatumwi kumwokoa mtu wala kumfunga. Wala hahukumu, jaji anaweza kuipokea ripoti yake na anaweza kuikataa kwa sababu atakazozitaja. Mahakama ikiridhika kwamba mtu alitenda akiwa hana akili timamu, haimfungulii mlango akaenda zake. Inamweka chini ya uangalizi kama mgonjwa mhalifu, na huko kunaweza kuwa kwa miaka mingi.

Kuna mahali sheria yenyewe imeuona udhaifu wa akili waziwazi, nami nalisema kwa ajili ya kina mama. Mwanamke akisababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi 12, huku akili yake ikiwa haijatengemaa kutokana na uzazi, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalitenga kosa hilo na mauaji ya kukusudia, na adhabu yake ni kama ya kuua bila kukusudia. Ni daktari huyu huyu atakayeitwa kueleza hali ya mzazi. Atauliza nani alimkanda, nani alilala naye arobaini ile, nani alisikia anasema mtoto huyu si wake. Wakunga na mashangazi, majibu hayo mnayo nyinyi. Na mkiyasema mapema, mtoto na mama yake wanaweza kupona wote wawili.

Nisiwaache mkadhani matibabu haya ni ugeni wa juzi katika mkoa wetu. Juu kule milima ya Usambara, wilayani Korogwe, kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Lutindi. Wajerumani waliijenga mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na miaka michache baadaye ikageuzwa kuwa mahali pa wagonjwa wa akili, miongoni mwa pa mwanzo kabisa Afrika Mashariki. Leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri. Watoto walionyang'anywa wazazi wao na kutembezwa njia za misafara zilizoshukia pwani ndio wa kwanza kulala pale. Kabla wataalamu hawajakubaliana juu ya kiwewe, kiwewe chenyewe kilikuwa kimeshapita katika ardhi hii, kwa miguu, chini ya minyororo.

Sasa tuyafanyie kazi. Tatizo letu kubwa ni kuficha. Mgonjwa akiwa nyumbani tunasema ana homa, ili dada yake asikose mume. Akikamatwa, katika maelezo ya mwanzo polisi tunasema alikuwa mzima. Kesi inapofika Mahakama Kuu ndipo tunakumbuka kwamba alikuwa anakula udongo. Jaji atatuamini vipi? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kinachoumbuka ni haki ya watu wawili: mgonjwa anayefungwa kama mzima, na wafiwa wa marehemu wanaobaki wakiamini wamedanganywa.

Kwa hiyo nawasihi. Mtu wenu akibadilika, shikeni tarehe. Kama hamtumii kalenda, shikeni Mfungo, shikeni msimu wa kusi au kaskazi, shikeni msiba uliotangulia. Karatasi za zahanati msizitupe. Kama mlianza kwa mganga, kwa kombe au kwa ngoma ya pepo, mwambieni daktari bila haya, kwa sababu siku mliyokwenda huko ni ushahidi kwamba mlishaona ugonjwa. Kama mlimfunga kamba, semeni pia. Mwenyekiti wa kitongoji na imamu wajulishwe mapema, wawe mashahidi wasio wa ukoo.

Na lililo kubwa, msingoje mahakama. Mvuvi aliyenusurika chombo kilipozama, na anayezikimbia nyavu zake, mfikisheni zahanati, kutoka hapo hospitali ya wilaya Pangani, na ikibidi hospitali ya mkoa, Bombo. Kiwewe kina tiba, huzuni iliyokwama ina tiba, sonona ina tiba. Yote ambayo daktari wa Isanga angeuliza baada ya damu kumwagika, mganga wa zahanati anaweza kuyauliza leo, mtu akiwa bado ni baba wa watoto wake na hana deni na yeyote. Majibu ni yale yale, na anayeyajua ni yule yule: mama, mke, jirani wa ukuta mmoja. Kayasemeni sasa.